Hodi Juu ya Mapaa

Fundi hakuwahi kuelekeza dishi la mtandao kwenye jengo la mtu bila kwanza kwenda kupiga hodi kwenye nyumba za katikati. Siyo nyumba ya mwanzo wala ya mwisho, hizo wenyewe ndo waliomwita. Nasema zile ambazo mawimbi yanapita juu yake tu, hayashuki, hayagusi kitu. Atavua kofia, ataeleza, ataomba ruhusa, ataaga. Watu wa Kariakoo walikuwa wanamcheka. Muuza vyombo mmoja alimwambia, mie nimesimama hapohapo, "Mzee, unaomba ruhusa ya kupitisha hewa? Mbona mbu hajawahi kuniomba?"

Fundi akamjibu, "Hewa ya Mungu. Paa lako."

Akaandika jina la yule muuza vyombo kwenye kidaftari chake, akasema ahsante, tukaondoka.

Mie nilimjua darasani. Mchana nauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye kimeza changu upande wa wauza vitambaa. Nikishaswali Alasiri nafunga, saa kumi na moja niko kwenye kituo cha kufundishia kompyuta nasoma. Nilianza nina miaka thelathini na saba, watoto watatu, elimu yangu darasa la saba. Nilijiandikisha kujifunza kuchapa barua tu. Siku ya pili nikakosea mlango, nikaingia darasa la Fundi, la mitandao. Alikuwa anamenya waya kwa meno. Nilipotaka kutoka akasema, "Kaa, mama. Ukishaona kilicho ndani ya waya huu utashindwa kuondoka." Ni kweli, nilishindwa.

Ikifika Magharibi alikuwa anasimamisha somo. Yeye Mkristo, wa Kilimanjaro, kwaya haimpiti, ingawa nimeshamsikia akiimba na naweza kusema wanamvumilia. Lakini saa ya swala aliijua kuliko baadhi yetu. "Nendeni mkaswali, kompyuta hazina miguu." Tukirudi tunamkuta hajagusa ubao, pale alipoishia ndipo alipo, anatusubiri.

Na kwenye hodi zake alikuwa na sheria. Hodi tatu. Hukujibiwa, unaondoka, unarudi siku nyingine, hata kama unasikia redio inaimba ndani. Nikamwambia, "Fundi, hayo ni mafundisho yetu sisi Waislamu." Akasema, "Basi mmefundisha vizuri." Akageuka akaondoka mlangoni kwa mtu ambaye mie nilikuwa namwona kabisa dirishani anachungulia.

Kituo chetu kilikuwa kwenye nyumba ya zamani, ya ghorofa moja, paa la bati. Wanafunzi wakazidi. Mkuu wa kituo, mwanamke mmoja mwembamba asiyejua kukaa, akakodi vyumba viwili ghorofa ya sita kwenye jengo jipya mitaa miwili mbele. Kompyuta zikahamia kule juu. Lakini mashine inayotunza masomo na mitihani, na intaneti yenyewe, vikabaki huku nyumba ya zamani. Sasa utaunganishaje? Kwanza walivuta waya. Wakaupitisha juu ya barabara, wakaufunga kwenye nondo za vibaraza vya watu, ukakaa siku nne. Siku ya tano likapita lori la marobota ya mitumba, limejazwa mpaka juu, likauzoa waya wote likaondoka nao. Dereva hakujua kitu. Tuliojua ni sisi, tumekaa ghorofa ya sita mbele ya kompyuta zilizoganda. Jamaa mmoja alisema aliuona unaburuzwa kule Mnazi Mmoja.

"Waya wa Kariakoo una maadui wengi," Fundi akasema. "Tupite juu."

Ndo yakaja yale madishi mawili. Moja juu ya paa la nyumba ya zamani kwenye bomba refu la chuma, lingine juu ya lile jengo jipya, yanatazamana kama watu wanaoongea. Lazima yaonane. Fundi alikuwa hachoki kulisema hilo. Na katikati yao palikuwa na nyumba ya ghorofa mbili, ya bibi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Tukaenda kwake. Hodi ya kwanza tu, akaitika.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mnauza nini?"

"Hatuuzi, bibi. Nimekuja kuomba. Kuna kitu kitapita juu ya nyumba yako."

"Kitu gani, ndege?"

"Masomo."

Bi Mkubwa akamtazama Fundi, akanitazama mie. "Kitapita saa ngapi?"

"Saa zote, bibi."

"Hata tukilala?"

"Hata mkilala."

"Basi kipite taratibu. Nina mjukuu mchanga."

Fundi hakucheka. Akaahidi kitapita taratibu. Halafu akaomba la pili, kwamba tangi la maji lililoko juu ya paa lisogezwe hatua mbili kuelekea ukutani. Bi Mkubwa akasema si umesema lile jengo unaliona, sasa tangi limekukosea nini? Fundi akamwambia, "Kuona naliona, bibi. Lakini mawimbi siyo uzi, ni kama mhogo. Ncha mbili nyembamba, katikati mnene. Na mhogo wangu umenenepea hapa kwako." Bi Mkubwa akafurahi sana kusikia mhogo umenenepea kwake. Akawaita wanawe wakasogeza tangi, wananuna, yeye amewasimamia na kijiti.

Baada ya hapo kila tukipita mtaa ule lazima tuingie. Bi Mkubwa anatoa chai na kaimati. Fundi alikuwa na kisukari, alituambia wote, chai yake haiwekwi sukari hata punje. Halafu anakula kaimati nne zinazochuruzika shira. Nikamwuliza siku moja. Akasema, "Ya kwenye chai ndo mbaya. Hii imekaangwa."

Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa mitandao lakini simu yake ya kitochi, imefungwa raba isidondoke betri. Alikuwa anatuambia mtandao unataka subira, lakini foleni ya watu watatu ilimshinda, ataondoka bila kununua. Na njiani alikuwa hatazami chini. Anatembea katikati ya Kariakoo uso juu, kidole kinahesabu ghorofa za watu, ipi imeongezeka tangu juzi. Kariakoo ukifumba macho Ijumaa, Jumatatu unakuta nguzo mpya, na nguzo mpya ni ukuta mbele ya dishi la mtu. Wabeba mizigo walishamjua. "Mzee, shuka duniani, guta linapita." Anapisha bila kushusha kidole.

Lakini lililoniuma mie ni paa.

Darasani Fundi alitukalisha wanawake mbele. Swali la mwanamke alilijibu mara mbili, akisema la kwanza la kwako, la pili la yule anayeona haya kuuliza. Niliposhika somo, akawa ananichukua kwenye kazi zake za Jumamosi. Nilijua kubana vichwa vya waya, nilijua kupanga swichi. Ila ikifika saa ya kupanda juu, ananiacha chini. "Wewe shika kioo."

Kioo ni hivi. Fundi akiwa kwenye paa la nyumba ya zamani, madirisha ya mbele yake ni mengi mno, yote yanafanana. Kwa hiyo mie nakaa dirishani ghorofa ya sita, chini tu ya dishi letu, na kile kioo changu cha mkobani, cha kuangalizia mtandio. Nakichezesha kwenye jua, kinammulika, anajua pa kuelekeza. Miaka mitatu kazi yangu kubwa ilikuwa kioo. Wenzangu wakanitania, Mama Rehema amesomea kujitazama.

Nilitaka paa. Siyo kwa sifa. Nilikuwa nataka kuwa fundi wa kweli, na fundi asiyepanda ni nusu fundi, kazi zote zinakwisha pale kwenye dishi. Mkuu naye alikuwa ameshaniambia, nafasi ya kutunza mtandao wa kituo ni yangu siku Fundi akisema niko tayari. Na Fundi alikuwa hasemi.

Nikamkabili. "Fundi, kwa sababu mie mwanamke?"

Akakuna kichwa chini ya kofia. "Kwa sababu wewe una watoto. Nikikudondosha, nitawaambia nini?"

"Na wewe ukidondoka?"

"Mie nimeshalea."

Nilikasirika wiki nzima, nikamsemea kwa Mola wangu kwenye sujudu, halafu nikaona haya, maana hakuna baya alilonifanyia zaidi ya kunihurumia. Nikaendelea na kioo.

Kitu kimoja alichotufundisha nilikiandika kwenye jalada la daftari. Namba za dishi zinasomwa kinyume, ndogo ndo nzuri, kubwa mbaya. Alisema ni kama presha, ikipanda ogopeni. Sasa unapozungusha dishi kulitafuta lenzake, utafika mahali namba inashuka, mtandao unawaka, unafurahi. Fundi alisema hapo ndo watu wanapodanganyika. Dishi lina mwanga mkubwa wa mbele na vimwanga vidogo vya pembeni, na cha pembeni nacho kinawaka. "Ukipata, usisimame. Pita mpaka upotee. Halafu rudi. Usipopotea hujui ulichokuwa umepata."

Darasani tulilirudia kama watoto. Tulidhani tumelielewa.

Mwaka juzi macho yake yakaanza kuwa na ukungu. Ghorofa akawa ananiuliza mie, "Ile ya kona imefika ngapi?" Nikamwambia Fundi, hospitali. Akazungusha maneno, mwisho akaenda, wakamwambia mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa sukari yake lazima alazwe waangalie. Akalazwa Upanga.

Ilikuwa wiki moja kabla ya mitihani ya kumaliza kozi. Siku ileile mjukuu wa Bi Mkubwa, dada wa yule aliyekuwa mchanga, akatumwa kwenye kimeza changu anakimbia. "Bibi anasema umwambie fundi wake, Jumatatu wajomba zangu wanaanza kusimamisha ghorofa ya tatu. Anasema mhogo hautapita."

Nilikaa chini. Kama Fundi asingepiga hodi nyumba ile, tungejua siku ya mtihani, wanawake kumi na wanane wa kozi ile wameshakaa. Mkuu akasema basi ahirisha mpaka Fundi apone. Lakini nilikuwa nawajua wale wanawake. Mmoja ameomba ruhusa kwa mumewe mara moja tu, mwingine amemwachia jirani watoto kwa siku hiyo. Ukiwaambia rudini baada ya mwezi, nusu hawarudi. Ningekuwa mie wakati ule, nisingerudi.

Nikaenda Upanga. Nimemkuta Fundi amekaa kitandani, jicho moja limefungwa bandeji, analalamikia uji.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Uji hauna chumvi."

Nikamweleza. Nikamwambia wazo langu, kwamba dishi la jengo jipya tulihamishie kona ya pili ya paa, pale njia itapita pembeni ya Bi Mkubwa, halafu la nyumba ya zamani tuligeuze lilifuate.

"Nani atahamisha?"

"Mie."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alishaacha kula anatusikiliza. Mwishowe Fundi akasema, "Kamba. Unafunga kwenye bomba la chuma, siyo kwenye mbao za paa. Mbao za nyumba ile zimeoza upande wa kushoto."

Hakusema nakuruhusu. Nimeshamjua, nikaondoka haraka kabla hajabadilisha.

Jumamosi nilihamisha lile la juu. Paa la zege, halina shida, nilikuwa na upepo na Bismillahi. Jumapili baada ya Alfajiri, bati halijapata moto, nikaja nyumba ya zamani. Nimevaa suruali ya mwanangu ndani, baibui nimelikaza kiunoni kwa kanga. Mlinzi wa kituo akashika ngazi, kageuza uso ukutani kwa adabu, anasema, "Mama Rehema, mie sioni kitu, lakini ukianguka nitakusikia." Kamba nimefunga kwenye bomba. Mkuu amekaa ndani mbele ya kompyuta ananisomea namba kwenye simu.

Nikawa nazungusha kidogokidogo. Tisini. Themanini na nane. Hakuna. Jasho linaingia machoni, chini mtaani watu wameanza kusimama wananitazama. Halafu Mkuu akasema, "Sabini na nne. Imewaka. Mama Rehema, imewaka."

Nikakaza nati. Nikashuka. Nikasujudu palepale sakafuni.

Mchana tukajaribu mtihani wa mazoezi. Ukurasa ukafunguka nusu, ukaganda. Ukarudi, ukakatika. Mkuu akasema labda kompyuta. Mie nikajua. Nilipata, nikasimama. Nimeandika kwenye jalada la daftari langu miaka mitatu, na siku yenyewe nimefanya kilekile.

Kulegeza nati ile ndo kazi ngumu kuliko kupanda. Una kitu kinachowaka, kibovu lakini kinawaka, na kesho kuna watu wanakitegemea. Nikapanda tena Alasiri imepita, nikalegeza. Nikasukuma kwenda mbele. "Themanini," Mkuu akasema. "Themanini na tisa. Mama Rehema, umeupoteza." Sauti yake imekauka. "Umepotea kabisa, rudisha."

"Soma tu namba."

Nikapita. Nikapita tena kidogo. Nilikuwa namwita Mola, ya Latifu, ya Latifu, kila sukumo moja. Halafu Mkuu akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Sitini na tano. Hamsini na nane. Hamsini na sita." Nikapita mpaka ikaanza kupanda tena, nikarudi pale kwenye hamsini na sita, nikakaza.

Jumatatu ghorofa ya Bi Mkubwa ikaanza. Mtihani ukafanyika siku yake, wote kumi na wanane wakamaliza.

Fundi alitoka hospitali, akakaa kwa dada yake Magomeni wiki kadhaa. Siku moja asubuhi namwona huyo amesimama mbele ya kimeza changu, miwani nyeusi, shati limepigwa pasi. Jicho moja lilikuwa limerudi vizuri, la pili hapana, akaniambia tu hivyo, kama anaeleza bei ya zipu. Anaenda kwao Kilimanjaro, kwa mwanawe. Amekuja kuaga.

Nilikuwa nimejiandaa kumpa namba. Nilizihifadhi zote kwenye daftari, sabini na nne na aibu yake, hamsini na sita na shukrani yake. Akasikiliza zote, akatikisa kichwa kwenye ile ya kupotea. Halafu akauliza, "Njia mpya inapita kwa nani?"

Nikalifunga daftari.

Ilikuwa inapita juu ya nyumba ya bati ya mzee mmoja mshona magodoro. Nilikuwa naiona kila siku kutoka dirishani, sufi imeanikwa juu. Na sikwenda. Kwenye ile haraka yote, kamba nilikumbuka, kupotea nilikumbuka kwa kuchelewa, hodi sikukumbuka kabisa. Na zilishapita wiki tatu mawimbi yanapita kwake kama mwizi.

"Sikupiga hodi, Fundi."

Hakunikaripia. Akasema, "Twende."

Nikamwachia meza jirani yangu. Tukaenda pole pole, kashika bega langu kwenye kona, kidole cha mkono wa pili kiko juu kinahesabu ghorofa, sijui alikuwa anaona ngapi. Mbeba mzigo akapita, "Mzee, umerudi? Shuka duniani."

Tulipofika mlangoni kwa mshona magodoro nikasimama pembeni kama nilivyozoea, yeye mbele. Miaka yote mie nilikuwa nabeba kidaftari tu. Fundi akavua kofia. Halafu akarudi hatua mbili nyuma, akanipa kisogo, akaegemea ukuta.

Nikasubiri.

"Hodi," nikasema. Sauti haikutoka vizuri. "Hodi wenyewe."

Mzee akatoka, nyuzi za sufi zimemganda kwenye nyusi. Akamtazama Fundi kwanza, mwanaume, mtu mzima, kofia mkononi. "Karibuni. Nani kati yenu ana shida?"

"Shikamoo mzee. Ni mie. Kuna kitu nimekipitisha juu ya nyumba yako bila kukuomba, nimekuja kuomba sasa."

"Wewe ndo nani?"

Nikageuka. Nilitaka anisemee, kama siku zote. Fundi alikuwa anatazama juu na miwani yake nyeusi, upande ambao hakuna jengo lolote, midomo inahesabu.

"Mie ndo fundi," nikasema.

Mzee akafikiri, akasogeza godoro lililoziba mlango. "Haya. Karibu Fundi, viatu hapo."

Kwa mazoea mguu wa mwalimu wangu ukatangulia. Nikauona unainuka kutoka kwenye vumbi, unafika kizingitini, unasita. Akaurudisha, akakaa pembeni, akanipisha.